Kinoo cha Kirumba na Mtoto Wake wa Nansio

Vijana wangu wa mashine, siku niliyowakabidhi funguo za saluni mliniuliza swali moja tu la maana. Mlitaka kujua lile jiwe la dirishani, lililokaa miaka yote kwenye sahani ya bati, lilikuwa la kazi gani, na kwa nini nalifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Niliwaambia mawe ni mawili. Halafu nikahesabu tena nikasema ni moja na kidogo. Mkatazamana. Nilijua mnachofikiri: mzee ameanza kuchoka. Sasa niko nyumbani hapa Nyakato, asubuhi ni ndefu, na nyuso za kunyoa zimeisha isipokuwa wangu mwenyewe. Nitawaeleza hiyo hesabu ya moja na kidogo imetoka wapi.

Mimi sikwenda Kirumba kutafuta unyozi. Nilikuwa machinga, nimebeba vioo, vitana na mikasi, natembea kuanzia stendi mpaka Mwaloni kwa wauza samaki. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na mdomo usiopoa. Kinyozi mmoja alikuwa na kibanda kwenye njia ya kushukia sokoni, mlango wa bluu, kiti kimoja cha mbao na benchi. Nikaingia kumuuzia kioo. Aliyekuwa ndani ni Mzee Bwire, Mjita aliyeoa Ukerewe, mtu mfupi mwenye ugoro puani na dharau machoni. Wakati huo hata hakuwa mzee, ila alikuwa ameshaanza kuitwa hivyo na aliupenda wito. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kioo hahitaji, wateja wake wanazijua sura zao. Nikashusha bei. Akasema hahitaji. Nikashusha tena. Akaniambia niweke mzigo chini nishike jiwe fulani, aone mikono yangu. Niliingia kuuza kioo, nikatoka nimepata kazi, na kioo nikakitundika pale ukutani bure. Katika maisha yangu ya kupatana bei, hiyo ndiyo siku niliyopigwa vizuri kuliko zote.

Miezi mitatu ya kwanza sikugusa kidevu cha mtu. Niligusa jiwe. Lilikuwa na urefu wa kiganja na nusu, rangi ya moshi wenye kijani kwa mbali, laini kama sabuni iliyokaa kwenye maji. Baba yake Mzee Bwire alilipasua kwenye kijito huko Majita, akalisawazisha kwa mikono msimu mzima wa mvua. Kwenye ubavu wake alikata kipande kidogo, ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Lile kubwa Mzee Bwire aliliita Mama, na kile kipande Mtoto, wala hakuwa anatania. Mteja akiweka kofia juu ya Mama, alitolewa nje na kofia yake.

Niwaandikie namna ya kunoa, maana najua hakuna atakayewaandikia. Unamwagia Mama maji ya kijiko kimoja. Unachukua Mtoto unamsugua juu ya Mama kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza, mpaka maji yanageuka uji mwepesi wa rangi ya majivu. Huo uji ndio unaonoa. Unalaza wembe bapa, mgongo na makali vyote vimegusa jiwe, unausukuma makali yakitangulia, kama vile unataka kuchuna utando wa juu wa jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo wake, si kwa makali hata siku moja, unarudi. Kwenda na kurudi Mzee Bwire aliita safari. Baada ya safari ishirini unadondosha tone moja la maji kwa ncha ya kidole. Ishirini nyingine, tone jingine. Uji unazidi kuwa mwepesi, na wembe unazidi kutulia, hadi mwisho unanoa juu ya maji matupu na sauti inabadilika. Mwanzoni jiwe linakwaruza kama mtu anayesafisha koo. Mwishoni linanong'ona tu.

Mzee Bwire alitaka safari mia na ishirini kwa wembe mmoja. Nikamwambia sitini zinatosha, wateja wanasubiri. Akasema mia. Nikasema sabini na tano. Tukakubaliana themanini, tukapeana mikono kabisa. Nilipomaliza zile themanini aliushika wembe, akausogeza dirishani makali yakiangalia juu, akanirudishia akasema, "Sasa anza zile ulizodhani umeniibia."

Kusogeza wembe kwenye mwanga kuna maana yake. Makali mazima hayaonekani. Ukitazama pale juu kabisa, wembe uliokamilika unaishia hewani, hakuna kitu. Ukiona kinameta hata kidogo, hapo pamekatika, rudi kwenye uji. Nilichukua muda kuelewa kwamba katika kazi hii unatafuta kutokuona. Baada ya jiwe unakwenda kwenye mkanda wa ngozi ya ng'ombe, uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, mara sitini. Mteja akifungua mlango katikati, hesabu inaanza upya. Wengine mlinisikia nikihesabu mara mbili kila kitu mkaniona bahili. Ni ule mlango wa bluu ulionifundisha.

Tulinyoa wachuuzi wa sangara, wafanyakazi wa viwandani huku Nyakato, mashabiki waliotaka kuingia uwanjani wakiwa wasafi ili wafungwe kwa heshima. Mzee Bwire siku ya mechi alifunga kibanda bila kumwambia mtu, hata kama kuna mtu ana povu usoni. Yule wa povu alimfuata uwanjani. Walikaa pamoja mpaka mapumziko.

Mgumu kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja wa chuo cha Butimba. Ndevu zake zilikuwa zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, shingo yote vipele. Alishanyolewa na kila wembe na kila mashine, na kila mara alivaa kola iliyofungwa juu wiki nzima kwenye joto. Mzee Bwire alimnyoa kuelekea ndevu zinakolala, wembe uliotoka kwenye maji matupu, mkono mwepesi, mara moja tu bila kurudia. Baada ya mwezi yule mwalimu alikuja amevaa shati lililofunguliwa kola. Alikaa tu akainua kidevu. Sijawahi kuona mtu akiinua kidevu kwa raha namna ile, na mpaka leo nikipita Butimba naangalia kola za watu.

Ukimwi ulipoingia, bwana afya alipita akatuambia wembe mmoja kwa watu wengi basi. Alikuwa sahihi, na sikumbishia, jambo ambalo lilimshtua Mzee Bwire. Ndipo tukaanza nyembe za kutumia na kutupa. Wateja waliobaki kwenye jiwe ni wale walionunua wembe wao binafsi wa kukunja, kila mmoja na kopo lake lenye jina rafuni. Walikuwa tisa. Nilihesabu mara mbili, tisa, na wa kwanza katika hao ni mwalimu wa Butimba.

Halafu ikaja asubuhi ile. Mzee Bwire alikuwa amemlaza mchuuzi mmoja, povu limeshakaa, wembe uko inchi moja juu ya koromeo. Nikaona wembe unatetemeka. Na yeye akaona. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri gari lipite. Halikupita. Akaukunja wembe, akaniangalia.

"Masalu, malizia."

Hayo tu. Huko ndiko kustaafu kwake. Mchuuzi hakujua chochote, aliamka akajishika shavu akaenda zake kwenye samaki.

Jumamosi yake alikuwa anapanda meli ya Nansio, kule Ukerewe alikooa, na sanduku lake. Aliniachia kibanda, kiti, mkanda na Mama. Mtoto alimtia mfukoni mwa koti. Nilipinga. Nilimwambia jiwe haligawanywi, nikamwambia hana mkono wa kunolea, nikampa sababu kama saba. Akasema Mama akishafanya kazi mwaka mzima anabonyea katikati, na wa kumsawazisha ni Mtoto tu, maana wametoka kwenye mwamba mmoja. "Kila mwaka umlete, tumsawazishe pamoja," alisema. "Nikikuachia wote wawili nitakuona lini wewe?"

Nilikwenda mara nne. Nikihesabu tena ni mara nne, ingawa ya nne ilikuwa msiba wa mke wake, na jiwe nililibeba kwenye mkoba hadi msibani. Naona aibu, lakini naihesabu. Tulikaa nyuma ya nyumba yake, tukamchora Mama mistari ya mkaa, tukamsugua na Mtoto mpaka mistari yote ikafutika kwa pamoja. Mstari ukibaki, hapo pana bonde. Tulipomaliza tulikula samaki, akanitukana kidogo, nikarudi na meli ya kesho yake. Yalikuwa maisha mazuri sana na mimi nilidhani ni usumbufu.

Mwaka wa tano kazi ilikuwa nyingi. Nilipiga hesabu yangu ya kimachinga: siku mbili za meli kwenda kufuata kipande cha jiwe, na mimi nakaa Mwanza, mji ambao mawe yamepanda juu ya nyumba na nyumba zimepanda juu ya mawe. Nyuma ya kibanda changu palikuwa na mwamba mkubwa kuliko kanisa. Nikabandua kipande, nikakisawazisha kwenye sakafu ya saruji, nikamsugua Mama. Uji ukatoka. Rangi ileile. Nikacheka peke yangu, nimempiga bao Mjita.

Jiwe la Mwanza lina chembe kama za chupa. Huzioni kwenye uji. Zinajichimbia kwenye uso wa Mama na kumkwaruza, halafu kila wembe unaopita unakwaruzwa pia. Kwenye mwanga nikaanza kuona vimeto. Nikadhani macho. Nikaongeza safari, nikaongeza uji, na uji ndio uliokuwa sumu. Mwalimu wa Butimba alinyolewa mara tatu kwa makali yale. Mara ya tatu alinyanyuka, akajipangusa, akaomba kopo lake. Nikampa. Alinishukuru kwa miaka yote, akanipa mkono. Baadaye nilimwona mbali, upande wa pili wa barabara, jua kali, kola imefungwa juu.

Nilimwosha Mama, nikamfunga kwenye taulo, nikamweka dirishani kwenye sahani. Hapo ndipo ninyi mlipomkuta. Wateja wa makopo waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa uzee, wengine kwa kifo, nami nikanunua mashine.

Na sikwenda Nansio. Ningekwenda na nini? Kwanza alituma salamu kwa wachuuzi wa meli: mwambieni Masalu jiwe linataka kusawazishwa. Nikatuma sukari na udhuru. Akarudisha mfuko uleule umejaa dagaa, bila neno. Simu zilipoenea alianza kunipigia Jumapili kupitia simu ya binti yake Tabitha. Nilikuwa nasema shikamoo, anaitikia marahaba, halafu haulizi mke, haulizi watoto.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee."

Jumapili nyingi. Na ya kutokwenda Nansio, jumla miaka kumi na minne. Nimeihesabu mara mbili nikitumaini mara ya pili itapungua.

Sasa nifike mwezi uliopita. Nilipowapa ninyi funguo, nilibeba taulo langu moja kwa moja hadi bandarini. Ndani ya meli nilipanga maneno. Nilikuwa na udhuru tisa, wa kwanza mzuri, wa tisa dhaifu, na nilipanga kuanza na wa tatu ili nibaki na akiba. Nilijua pia ninachokwenda kuomba. Mzee ameshavuka miaka themanini. Nilitaka anisamehe, na nilitaka kurudi na Mtoto kabla haijawa Tabitha ndiye anayenipigia.

Tabitha alinipokea Nansio. Njiani aliniambia, "Baba mdogo, usishtuke. Baba haoni tena. Na hataki mtu amnyoe, eti anasubiri jiwe." Nilishtuka hivyohivyo. Mtu ambaye hakuwahi kukaa siku mbili bila kunyoa alikuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, pale pale petu. Nikasema shikamoo. Akanyoosha mikono yote miwili, si kwangu. Nikamwekea jiwe mapajani.

Alilifungua taulo taratibu. Akapitisha kidole gumba kutoka kichwani hadi miguuni mwa jiwe, akarudi. Safari moja. Udhuru wangu wote tisa ulikuwa mdomoni na sikuweza kutoa hata mmoja.

"Hapa pamepita jiwe la Mwanza," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Lini?"

"Miaka kumi na minne iliyopita."

Kuku wa Tabitha alipita kati yetu akaondoka.

"Jumapili zote zile unaniambia hajambo."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa sikuulizi jiwe, Masalu." Akapitisha kidole tena. "Tabitha, lete mkaa."

Tulifanya kazi siku mbili. Mimi nasugua, yeye anasikiliza. Mikwaruzo ilikuwa mirefu, na ili kuitoa lazima uso wote wa Mama uondoke, na wa kuuondoa ni Mtoto, na Mtoto naye anaisha. Siku ya kwanza jioni Mtoto alikuwa amebaki nusu. Nikamwambia tuache, tutammaliza. Akasema, "Sugua. Alikatwa kwa kazi hiyo." Nilichora mkaa mara ya saba, ya nane. Kila nilipodhani tayari, aliinamisha sikio akasema bado. Ya tisa mistari yote iliondoka kwa pamoja, na kabla sijamwambia, akasema, "Hapo." Mtoto alikuwa na ukubwa wa kiberiti.

Tabitha alileta wembe wa baba yake mwenyewe, umepakwa mafuta, umefungwa kwenye kitambaa. Nikaunoa. Safari mia na ishirini, sikuomba punguzo. Mkanda tukaufunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, Tabitha akafungua mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Nilipoushika kwenye mwanga, makali yaliishia hewani. Sikuwa nimeona hali hiyo tangu nilipobandua lile jiwe nyuma ya kibanda, na ilibidi nisubiri kidogo kabla ya kumpaka sabuni, maana macho yangu yalikuwa yanameta kuliko wembe.

Nikapunguza kwanza kwa mkasi. Halafu nikanyoa, mara moja, bila kurudia. Harufu ya sabuni ile, na ile sauti ndogo ya wembe uliokubali kazi, vilinirudisha Kirumba asubuhi, kabla magari ya samaki hayajaanza kupiga honi, wakati mtu mfupi mwenye ugoro puani anahesabu mgongoni kwangu kwa sauti ya chini. Chini ya zile ndevu uso wake ulikuwa umekuwa mdogo sana. Alijipapasa shavu hadi shavu, akasimama chini ya taya.

"Umeacha mmoja hapa."

Nikaangalia. Kweli, ulikuwepo.

Asubuhi ya kuondoka, kabla sijafungua mdomo kuomba, alinyoosha kiganja, Mtoto akiwa juu yake. Alisema nimchukue, macho hana, mkono hana, kitamsaidia nini. Nilikuwa nimevuka ziwa kwa ajili ya kipande kile. Nilikuwa nimepanga bei ya kuanzia na bei ya kuishia. Na hapo kilikuwa kinatolewa bure.

Nikakifunga kiganja chake kwa mkono wangu. "Akae hapa," nikasema. "Mwakani nitakuja tumsawazishe Mama."

"Huna wateja. Mama atabonyea kwa kazi gani?"

"Nitatafuta."

Alitikisa kichwa kama alivyotikisa siku ya kioo, akamrudisha Mtoto mfukoni mwa koti.

Ndiyo sababu nawaandikia. Mama yuko hapa mezani, juu ya sahani yake. Kila mwenye wembe wake wa kukunja na aulete; hata wa babu yake ulioshika kutu nitaushughulikia. Sitaki chochote. Nataka jiwe lifanye kazi mpaka libonyee, maana bila hivyo nitakwenda Nansio kusema nini.

Jumapili iliyopita simu iliita. Nikasema shikamoo. Akaitikia.

"Mama hajambo?"

Nilimtazama pale kwenye sahani, bapa, safi, hana hata bonde moja.

"Hajambo," nikasema. "Ila anamuulizia Mtoto."